Dawa ya Kupe

Mimi ni mkata majani. Si kazi ya kujisifia, lakini ina heshima yake, maana wanaofuga ng'ombe uani hapa mjini hawana pa kuwachungia, na ng'ombe hali saruji. Kila alfajiri nashuka na baiskeli hadi bonde la mto Luiche, nakata matete na majani ya tembo, nafunga mizigo miwili mikubwa, halafu nasukuma. Baiskeli yenye majani haipandwi. Unatembea ubavuni mwake umeshika usukani, na wenye bodaboda wanakupigia honi kana kwamba barabara waliichonga wao. Jina langu ni Alphonce. Nilizaliwa Kalinzi, kule mlimani, na nikisema hivyo watu huniuliza kwa nini niliacha kahawa ya baba. Niliacha kwa sababu tulikuwa ndugu saba na shamba lilikuwa moja.

Nataka kueleza habari za Bibi Yasmini. Siwezi kuzieleza bila kujieleza na mimi, ingawa ningependa sana iwezekane.

Bibi Yasmini anaishi Rusimbi, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Mzee Mwinshehe, aliyefanya kazi reli. Vyumba viwili amepangisha, viwili anakaa yeye. Macho yake yaliondoka taratibu kwa mtoto wa jicho. Mwanawe aliyeko Mwanza alitaka kumpeleka akapasuliwe, akakataa. "Nimeona vya kutosha," alisema, "na vingi havikuwa na maana." Ndivyo alivyo. Ana maneno machache, na machache hayo huwezi kuyajibu.

Uani kwake kulikuwa na banda, na bandani alikuwamo Tunu, ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe. Tunu alizaliwa humo humo bandani, hakuwahi kukanyaga malisho hata siku moja. Bibi alimkamua mwenyewe kwa kupapasa, na sijapata kuona tone likianguka nje ya ndoo. Kikombe cha kwanza kilikwenda kwa mtoto wa mpangaji. Ijumaa maziwa yote yalikuwa ya chai ya akina mama wa darasa lake la Kurani. Nikimwambia Bibi, unagawa sana, ananijibu kwamba aliyempa Tunu hakumpimia.

Nilimpelekea majani miaka kumi na moja. Mwaka wa kwanza nilikuwa naingia nikipiga hodi huku nimeshafika jikoni, kama tulivyozoea kule mlimani. Akanikalisha chini akanifundisha adabu. Hodi ni tatu, mwanangu. Ya tatu usipojibiwa, unarudi ulikotoka na hukasiriki. Nilijifunza, lakini sikuwahi kupata nafasi ya kuitumia, maana mnyororo wa baiskeli yangu unalia, na Bibi alikuwa akiusikia tangu kona ya msikiti. Kabla sijafungua mdomo sauti ilikuwa inatoka ndani: "Karibu, Alphonce." Kila siku. Alinisema niutie mafuta, hata ya mawese, nami kwa uvivu sikuutia, na baadaye nikaona ni vizuri unavyolia.

Jambo la pili ni namna alivyopokea mzigo. Hakuupima kwa mzani. Aliukumbatia. Nilikuwa nausimamisha mbele yake, anaupitishia mikono miwili, na vidole vyake visipokutana upande wa pili anasema, "Mzigo umeshiba." Vilipokutana hakusema kitu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kule kulinichoma kuliko kutukanwa. Kisha nilikuwa naubeba hadi bandani, naukatakata kwa panga juu ya gogo, namwaga kwenye hori. Kazi hiyo haikuwa yangu, lakini nani angemwacha kipofu ashike panga?

Kiangazi cha mwaka jana kilikuwa kibaya. Kufika Septemba milima yote ilikuwa imechomwa moto, na kule bondeni wenye bustani za vitunguu walikuwa wamezungushia miba hadi ukingoni mwa maji. Nilikuwa nazunguka asubuhi nzima napata majani ya kufunga mzigo mmoja na nusu. Siku tatu mfululizo vidole vya Bibi vilikutana. Siku tatu mfululizo alinyamaza.

Siku ya nne, njiani, nilisimama kwenye uzio wa kiwanja kimoja kisichojengwa. Uzio wenyewe ni kile kichaka kinachoota popote, chenye majani ya kukwaruza na maua madogo madogo yaliyokaa pamoja, ya katikati ya njano, ya pembeni ya waridi, yanapendeza kama khanga mpya. Watoto wakitoka shule hula matunda yake yakishakuwa meusi. Wenye vitabu wanakiita lantana. Kila kitu kilikuwa kimekauka isipokuwa hicho. Kilikuwa kijani kibichi, kimechanua, kinanitazama.

Sasa hapa nisijifiche. Nilikuwa nakijua. Nilichunga mbuzi wa baba utoto wangu wote, na mbuzi wale walikuwa wanakipita kichaka hicho hata wakiwa na njaa. Mwaka mmoja baba alinunua mtamba kutoka Kasulu, akamfunga kamba karibu nacho, mtamba akakila. Baada ya wiki ngozi yake ilikuwa inabanduka, macho ya njano, na akafa. Baba yangu, Mzee Castory, hakuwa mtu wa maneno, lakini siku ile alitukusanya. "Aliyezaliwa hapa analijua ua hili," alisema. "Mgeni halijui. Na aliyefungwa hachagui." Nililisikia hilo nikiwa na miaka kumi, na nililikumbuka nikiwa nimesimama pale na panga mkononi.

Nilikata hivyo hivyo. Nilikata kidogo, nikaficha katikati, kwenye moyo wa mzigo, nikazungushia matete kwa nje. Nilijiambia kidogo hakidhuru. Sikufanya kwa tamaa ya fedha, maana Bibi alilipa kiasi kile kile mzigo ukikonda au ukinenepa. Nilifanya kwa sababu niliona haya kupeleka mzigo mwembamba. Haya hiyo ndogo ndiyo iliyonizalia hii kubwa.

Bibi aliukumbatia. Vidole havikukutana. "Mzigo umeshiba," akasema, nami nikafurahi kama mpumbavu. Nikaenda bandani, nikakatakata, nikachanganya, nikamwaga horini. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, pua juu.

"Alphonce, leo majani yana harufu."

"Harufu gani, Bibi?"

"Kali. Kama limau lililokojolewa na paka."

Ningeweza kusema neno moja la kweli. Hori lilikuwa mbele yangu, ningemwaga yote chini na Tunu angelala na njaa siku moja. Badala yake uongo ulitoka mzima mzima, pamoja na mapambo yake.

"Ni dawa ya kupe, Bibi. Kwetu Kalinzi tunamchanganyia ng'ombe wakati wa kiangazi. Damu inakuwa chungu, kupe hamshiki."

Akanishika mkono. "Na miaka yote hii ulikuwa unaninyima? Mungu akulipe, mwanangu."

Kesho yake sikuweka. Nilikuwa nimelala vibaya, nikaapa sirudii. Nilimwaga majani masafi horini, na Bibi akanusa. "Leo hukutia dawa." Nikasema imekuwa shida kupatikana. "Mfugo wangu mmoja tu, Alphonce. Nitafutie." Nikaitafuta. Kuitafuta kwenyewe ilikuwa ni kusimama kwenye uzio ule ule. Siku kumi hivi nilimpelekea, kila siku nikipunguza, na kila siku pua yake ikinidai. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, ila niliipita mara kumi.

Tunu aliacha kula. Mwanzo alisukuma majani kwa pua, kisha akawa hasogei hata horini. Mavi yakawa magumu, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Jua likipanda alijikunja kwenye pembe ya banda yenye giza, akabandika paji la uso ukutani. Bibi alimpapasa mgongo, akaniuliza, "Macho yake yakoje?" Yalikuwa ya njano. Nikamwambia yana uchovu. Siku mbili baadaye ngozi ilianza kupasuka na kubanduka, na haikubanduka kote: sehemu nyeusi zilikuwa nzima kabisa, mabaka meupe ndiyo yaliyochubuka, baka kwa baka, na pua nayo. Mpangaji mmoja aliangalia akasema huu ni mkono wa mtu. Alisema kweli kuliko alivyojua.

Bibi alimpigia simu muuza dawa za mifugo akamweleza: hali chakula, macho mazito, mkojo mweusi, choo kigumu. Yule kwa maelezo ya simu akasema huenda ni ndigana baridi, ugonjwa wa kupe, akamtuma mtu na sindano. Mimi ndiye niliyeshika kamba Tunu akidungwa. Nilishika pembe kwa mikono hii iliyokata lile ua, na Bibi akawa ananipa pole mimi.

Tunu alikufa siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri. Watu walikuwa wamemwambia Bibi amchinje mapema apate japo nyama, akakataa: hawezi kuwalisha watu mnyama mgonjwa. Basi akawa kibudu, wa kuzikwa. Shimo la ng'ombe si dogo. Nililichimba peke yangu, tangu mchana hadi magharibi, na waliponiletea ujira nikaukataa. Jirani mmoja akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Alphonce ana utu." Waliitikia. Uso umeumbwa na haya, lakini wangu siku ile ulikuwa umepakwa jasho na udongo, hakuna aliyeuona.

Nilipomaliza Bibi aliniita nikae naye kwenye mkeka. Alikuwa halii. Aliniambia kitu ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa njiani huwa nasimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Kupe walishamkamata zamani, mimi dawa nimeanza kumpa juzi. Laiti ningeijua ile dawa yako mapema."

Nikasema, "Ni kazi ya Mungu, Bibi." Nikaondoka.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nilijifariji kwa methali hiyo wiki nzima: ng'ombe amezikwa, jambo limezikwa naye, nitakaa nayo mimi mwenyewe. Nilimpelekea Bibi mboga, nikamchotea maji. Nilikuwa nalipa kwa vitu vidogo vidogo ili nisilipe kile kikubwa.

Siku ya nane nilikuwa napita pale kwenye uzio na majani ya wateja wengine, nikamwona mwanamke ameinama anakata. Alikuwa Concilie, mama mmoja wa familia zilizotoka Burundi na kuhamia hapa siku nyingi, jirani wa nyumba ya pili kutoka kwa Bibi. Ana mbuzi wawili wa maziwa, na hao ndio shamba lake, duka lake na ada ya shule ya wanawe. Alikuwa na kifurushi cha lantana miguuni, maua juu.

"Mama Concilie, unafanya nini?"

"Yoo, Alphonce! Si dawa yako hii?" Akacheka. "Bibi katwambia. Kasema yeye kachelewa, Tunu wake kafa kwa kupe. Sisi tusichelewe. Niwape nyingi, ego, ndiyo? Au kidogo?"

"Umeshawapa?"

"Bado. Ndiyo ya kwanza hii."

Na hata hapo, wallahi, nitumie kiapo cha Bibi, hata hapo nilitafuta uongo mwingine. Nikamwambia dawa hii haifai kwa mbuzi, ni ya ng'ombe tu. Concilie akaacha kucheka. "Imana yanje, Mungu wangu! Basi nikimbie nimwambie Bibi. Kawaambia wengi Ijumaa, pale darasani. Na wengi wana mbuzi."

Nilimwambia abwage kifurushi, asiwakaribie mbuzi nacho, mimi nitakwenda. Niliiacha baiskeli na majani ya watu pale pale, nikaenda kwa miguu, nusu nikikimbia. Ndiyo maana Bibi hakunisikia nikija. Nilimkuta uani anapepeta mchele, nikasimama mbele yake bila hodi wala shikamoo.

"Bibi, ile si dawa. Ile ni sumu. Watu wasiwape wanyama."

Ungo ulisimama. "Nani?" Kisha akaitambua sauti. "Alphonce. Dawa gani?"

"Ya kupe. Si dawa. Ndiyo iliyomuua Tunu."

Alitua ungo chini taratibu, asimwage punje. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimejua tangu utotoni."

"Siku ile nilipokuuliza harufu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata nilikuwa nayatamani, maana mtu akikutukana unapata pa kushika. Bibi alipapasa ukuta akachukua fimbo yake, akavaa kanda mbili, akajitanda mtandio. "Nyumba nilizoziambia ni sita," alisema. "Twende."

Alinishika bega la kushoto, kama anavyoshikwa mtu wa kumwongoza kipofu, lakini aliyeongozwa ni mimi. Tulianza kwa Concilie. Bibi akapiga hodi, tukakaribishwa, na mwenye nyumba alipotoka Bibi akasema neno moja tu: "Sema."

Nikasema. Nilisema kwamba lile ua ni sumu, kwamba si la mbuzi wala la ng'ombe, na kwamba si dawa ya kitu chochote. Nilidhani nimemaliza, lakini vidole vilikaza begani. "Sema yote." Nikasema kwamba nilijua, kwamba niliweka ili mzigo ujae, na kwamba nilimdanganya Bibi. Concilie aliwaangalia mbuzi wake waliofungwa kwenye mti wa mpapai, kisha akaniangalia. Akaenda akawafungua, akawaingiza ndani ya nyumba, akafunga mlango.

Nyumba ya pili walikuwa wanakula. Wakatuambia karibuni chakula, na mimi nikasema yangu sahani zikiwa wazi. Nyumba ya tatu mzee mmoja alinicheka, akasema watu wa mlimani bwana, na kicheko chake kilikuwa afadhali. Nyumba ya nne ni yule jirani aliyesema nina utu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na shimo ulichimba ukijua?" Nikasema ndiyo. Akatema mate pembeni, si miguuni kwangu, pembeni tu. Nyumba ya tano mwanamke alikuwa amekwisha kumpa mbuzi wake kiganja kimoja asubuhi ile. Tulikimbilia bandani, tukamkuta amesimama, bado anatafuna. Bibi alikaa naye chini akamsugua tumbo muda mrefu, akitaka kila mara niseme macho yake yakoje. Yalikuwa meupe. Safari hii nilisema kilichokuwapo.

Ya sita ndiyo iliyonimaliza. Bi kizee wa pale alinisikiliza, akaja akanishika kichwa. "Pole, mwanangu," akasema. "Binadamu." Huyo nilishindwa kumtazama.

Tulirudi jua likiwa kali. Tulipofika kwake aliondoa mkono begani kwangu, akapanda kizingiti akipapasa mwimo, akaingia, akarudisha mlango. Nilisimama. Nikadhani imekwisha. Nikageuka kwenda kuitafuta baiskeli, nikaikuta imeegeshwa ukutani kwake. Concilie alikuwa ameileta, na majani ya watu hakuna lililopungua. Nikaishika. Mnyororo ukalia mara moja.

"Alphonce." Sauti ilitoka ndani. "Bado nyumba moja."

Sikuelewa mara moja. Nyumba alizotaja ni sita, na sita tumezipita. Kisha nikaelewa. Asubuhi nilipomfikia uani nilikuja na habari za mbuzi wa watu. Yeye mwenyewe nilimjibu tu alipouliza; msamaha sikuwa nimemwomba.

Nikaiegesha baiskeli. Nikavua kofia.

"Hodi," nikasema.

Kimya.

"Hodi."

Nilimsikia akihema upande wa pili wa mlango, karibu kabisa. Nikakumbuka alivyonifundisha, kwamba ya tatu usipojibiwa unarudi na hukasiriki, na nikaogopa kuitumia.

"Hodi, Bibi."

"Nani?"

Alijua ni nani. Alikuwa ameniita kwa jina muda si mrefu. Lakini mlangoni hapo, kwa miaka kumi na moja, hakuwahi kuniuliza swali hilo, na sasa alitaka nilijibu.

"Ni Alphonce," nikasema. "Mkata majani. Nimemuua Tunu wako, Bibi. Nilijua, ukaniuliza, nikakudanganya, ukanishukuru. Nisamehe."



"Nimesikia," akasema.

Hakusema karibu. Nilisubiri kidogo kama litakuja, halikuja, na haki yangu ya kusubiri ilikuwa imekwisha. Nilishusha majani ya watu nikayafunga upya mgongoni mwangu. Kisha nikainyanyua baiskeli begani, nikaibeba hadi ng'ambo ya kona ya msikiti, ili Bibi asiusikie mnyororo ukiondoka.